Mashahidi wa Dirishani

Bi Saumu alifariki Jumatano asubuhi, na ua lake lilikuwa zambarau.

Ngamiani nzima habari ilikwenda hivyo hivyo, pamoja na rangi yake. Mtu akipigiwa simu kuambiwa Saumu hatunaye, alisema Inna lillahi, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na ua?" Akijibiwa kwamba lilikuwa zambarau mpaka dakika ya mwisho, aliomba arudiwe, kana kwamba amesikia vibaya. Hata Mwalimu Mishi, rafiki wa marehemu tangu siku walipokuwa wakifundisha darasa la pili katika vyumba vinavyotazamana, aliuliza swali hilo kabla ya kulia. Baadaye aliona aibu, lakini ndivyo alivyouliza.

Alipofika kwenye nyumba ya msiba, Barabara ya Kumi na Nne, mtandio wake wa maji ulikuwa umeshamkaukia mabegani. Siku hizo hakuna aliyetembea nje bila mtandio uliolowekwa, na hakuna aliyethubutu kufungua dirisha. Ulikuwa mwaka wa kumi na tisa tangu joto liwafungie watu wa Tanga majumbani. Wenye bustani walizipoteza mwaka wa kwanza. Wenye bustani na ukaidi, mwaka wa pili. Kilichobaki ni kile kinachoweza kuishi kwenye kikopo, dirishani, chini ya kiyoyozi, na wanawake wa Ngamiani walikishika hicho kwa mikono miwili.

Chumba kilikuwa kimejaa. Maiti ilikuwa ikioshwa chumba cha pili, lakini macho ya waliokaa mkekani yalikuwa dirishani, kwenye kikopo cha udongo cha marehemu. Kilikuwa kimea kifupi, chenye majani manene ya vinyweleo yaliyojipanga duara, na katikati yake maua saba yaliyokoza rangi utadhani yamechovywa asubuhi ile. Waliliita shahidi. Lilisoma pumzi ya mwenye chumba. Likiwa zambarau, mwenyewe ni mzima, alale usingizi wake, likipauka, ajiangalie, likiwa jeupe, asingoje hata chai ichemke, aende hospitali. Shahidi hasemi uongo, ndivyo walivyoambiana kwa miaka mitatu. Na sasa alikuwa amekaa pale, anang'aa, na mwenye chumba anavishwa sanda.

Mishi alikaa chini ya dirisha na hakuweza kuinua uso. Mwezi uliopita, Mishi alipopita kwa dakika chache kwenye chumba hiki hiki, Saumu alipandisha pindo la dera akamwonyesha miguu iliyovimba. Ukibonyeza kidole, kinaacha shimo. Akasema anafikiria kwenda kupima. Mishi akacheka.

"Shoga, kwani shahidi anasemaje?"

Saumu aligeuka akalitazama ua lake, akashusha dera, wakaendelea na mazungumzo ya harusi ya jirani. Ni figo, daktari alisema siku ya mwisho, zote mbili, na hazikuharibika jana wala juzi.

Na ua hilo alipewa na Mishi.

Lilitoka kwa mama yake. Bibi huyo alipougua mapafu, Taasisi ya Mimea-Dawa ilimpa shahidi rasmi, mwenye kibandiko cha namba chini ya kikopo. Alipofariki, sheria ilitaka ua lirudishwe. Mishi akaandika barua kwamba limekauka. Halikukauka hata jani. Lilikuwa pale pale chumbani kwa mama, lina maua tisa, na mtu yeyote aliyewahi kupenda ua atamwelewa. Kisha Saumu alikuja kumpa pole, akalitazama kwa jicho la njaa, akaomba jani moja tu. Mishi alilikata kwa wembe, mshazari, pamoja na kikonyo chake, akaacha kidonda kikauke kwa saa moja, akalichomeka kwenye makumbi ya nazi yaliyoloweshwa na kulifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Siku za mwizi arobaini, Saumu alimtania, huku akilitazama jani lake kama mtu anayetazama sufuria ya pilau. Baada ya Saumu alikuja Bi Chausiku, baada ya Chausiku shemeji yake, na kufikia mwaka huu mashahidi ishirini na wawili walikuwa wametoka mikononi mwa Mishi. Hakuuza hata mmoja.

Wana-Dirishani, kama walivyojiita, walikuwa na miiko yao. Ua la kupewa halisemewi asante, ukilisemea, linakufa. Unasema "limefika", basi. Na kimea kichanga hakitoki katika nyumba kilimozaliwa kabla ya arobaini, sawasawa na mtoto mchanga. Mishi alishika miiko hiyo kuliko wote. Kila jani lilipotoa kichipukizi, alikihesabia siku arobaini kwenye rafu iliyo juu ya kitanda chake, ambako mwanga wa asubuhi ulikuwa mzuri, ndipo alipomwita mwenyewe aje kukichukua. Siku walipopata kijitabu cha Taasisi na kukuta kimeandikwa kwamba kimea kisihamishwe chumba katika wiki tano za mwanzo, walichekelea sana. Wataalamu na vyeti vyao vyote, walisema, ndiyo kwanza wanagundua arobaini.

Jeneza lilitoka saa tano. Wanawake walibaki wakisoma, mlango umefungwa ili ubaridi usitoroke. Ilipokaribia adhuhuri, mmoja wao alikatiza kisomo, akashika mdomo kwa kiganja na kunyoosha kidole juu ya kichwa cha Mishi. Maua saba yalikuwa yakipauka. Weupe ulianzia kingoni ukaingia ndani, taratibu, jinsi chokaa inavyokauka ukutani, na kabla ya adhana yote yalikuwa meupe kama ile sanda iliyotoka hapo mlangoni.

"Limemlilia mwenyewe," Bi Chausiku alisema, na kilio kikaanza upya chumba kizima.

Mishi naye alilia. Aliogopa, na ndani ya hofu hiyo mlikuwa na nafuu ndogo ambayo hakuipenda. Mtu pekee ambaye hakulia ni Mwajabu, binti wa marehemu, fundi viyoyozi, mwanamke wa maneno machache aliyezoea kuongea na mashine. Alisimama mlangoni na macho mekundu, akalitazama ua la mama yake kwa muda mrefu.

"Limechelewa," alisema.

*

Bi Chausiku alikuwa mwenyekiti wao, muuza vitumbua mstaafu, na hakuwahi kukosa maelezo ya jambo lolote chini ya jua. Siku ya tatu alikuwa ameshayapata. Saumu, alisema, alikuwa akiyafuta majani kwa maziwa ili yang'ae, na maziwa yameziba vinyweleo. Ndiyo maana ua lilichelewa kusema. Wote waliridhika. Mishi naye alitamani kuridhika, kwa kuwa maelezo hayo yalimtoa lawamani. Tatizo ni kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Saumu kupangusa majani kwa brashi kavu, na hajawahi kumwona akitumia kitu kingine. Kumsingizia marehemu uzembe, tena marehemu aliyekuwa akichambua mchele mara tatu, hakukumwingia moyoni.

Jumatatu alikwenda ofisi ya Taasisi, ng'ambo ya Chumbageni. Ilikuwa ghorofa ya pili. Alipumzika mara mbili kwenye ngazi, akavuta pumzi, akaubana upya mkanda wa sketi kwa pini. Sketi zote zilikuwa zimempwaya tangu mwaka uanze. Uzee, alisema moyoni; nyumbani ua la mama bado lilikuwa zambarau, na yeye ndiye anayelimwagilia.

Aliyempokea alikuwa Bwana Mshana, mpole, mwenye koti la kijivu na kalamu tatu mfukoni. Mishi alimdanganya kwamba jamaa yake mmoja anataka kurithi shahidi wa marehemu mama yake, je, afanye nini ili ua limzoee.

Mshana hakujibu kwa mdomo. Alitoa sanduku la kioo lenye shahidi ndani na mpira wa kupumulia, akasema huyu ni wa kwake mwenyewe. Akamimina kikombe kidogo cha dawa chungu inayoharibu harufu ya pumzi kwa dakika chache, akainywa huku amekunja uso, akapuliza mpirani. Walikaa wakitazama. Kwa kuwa sanduku lilikuwa dogo, haikuchukua muda. Maua yakapauka, kisha, dawa ilipomwisha mwilini na hewa ya sandukuni ikabadilishwa, yakarudi zambarau. Akabadilisha kipande cha mdomoni, akammiminia Mishi kikombe. Mishi alikunywa, akapuliza mpaka kifua kikauma. Ua halikubadilika hata ukingo.

"Hakujui," Mshana alisema. "Kwake wewe ni upepo tu."

Alimweleza polepole, mtu aliyezoea kuwaeleza wazee. Kila mtu pumzi yake ina mchanganyiko wake, na maradhi huuvuruga mchanganyiko huo muda mrefu kabla ya mwili kulalamika. Vinyweleo vya majani hunasa hewa, lakini ili ua lijue kilichovurugika, sharti kwanza lijue kilivyokuwa. Hilo hujifunza utotoni tu, wiki tano za mwanzo tangu kichipukizi kitoke, kwa mtu anayelala karibu nalo. Baada ya hapo mlango umefungwa. Ndiyo maana Taasisi humpelekea mgonjwa kichipukizi cha siku moja na kukataza kisihamishwe chumba.

Mishi aliuliza, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine, je, ua lililojifunza kwa mtu mmoja, akipewa mwingine litakuwaje?

"Litakaa zambarau mpaka siku ya kiyama. Hiyo ndiyo rangi yake ya kuzaliwa. Pambo zuri, mama, lakini usilifanye daktari." Akafunika sanduku. "Yule wake wa kwanza ndiye halimsahau. Hata wapotezane mwaka mzima, siku akiingia chumbani litamjibu."

Maneno hayo ya mwisho Mishi hakuyasikia vizuri. Alikuwa ameanza kuhesabu. Rafu ya juu ya kitanda. Arobaini, arobaini, arobaini, mara ishirini na mbili, kila kimoja kimelala kichwani pake siku zake zote za kujifunza, na siku mlango ulipofungwa ndipo alipoita mwenye nyumba aje kukichukua. Alikuwa amewagawia rafiki zake maua viziwi. Saumu alikuwa akijilaza kila siku mbele ya shahidi asiyemjua, na Mishi, kwa mdomo wake huu, alimwambia amsikilize.

Mshana alimuuliza kama yeye ana shahidi wake. Alijibu analo nyumbani. Akauliza tena kama yuko salama, maana uso umebadilika, naye akasema ni ile dawa. Ukutani, karibu na mlango, palikuwa na tangazo: kuzalisha shahidi kwa jani bila kibali ni kifungo cha miaka miwili, na mimea yote kuteketezwa. Alikuwa amelipita tangazo hilo wakati wa kuingia bila kulisoma.

Alirudi nyumbani akaketi mbele ya ua la mama yake. Lilikuwa zuri kupita kiasi. Lilikuwa zambarau siku mama alipokuwa hai na ana nafuu, na lilikuwa zambarau leo ambapo mtu wake yuko kaburini, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye lingemsemea. Mishi alijua lazima awaambie. Alijua pia kwamba kuwaambia ni kusema mbele ya Mwajabu kwamba mama yake aliuawa na zawadi, na ni kumwekea Bi Chausiku mdomoni siri ambayo itafika Taasisi kabla ya magharibi. Alijipa mpaka Jumamosi.

*

Jumamosi ilikuwa dua ya Saumu nyumbani kwa Bi Chausiku. Kwa heshima ya marehemu, mwenyekiti alikuwa ametoa amri ambayo haijawahi kutolewa: kila mmoja aje na shahidi wake. Maua hayo hayatoki vyumbani kwa kawaida, kwa hiyo yalikuja kama maharusi, yamefunikwa kanga mbichi, na kufikia saa tatu meza ndefu ya sebuleni ilikuwa imejaa vikopo ishirini na viwili. Mwajabu alileta la mama yake. Lilikuwa limerudi zambarau siku ile ile ya mazishi, alisema, mara tu wageni walipoondoka. Wakamjibu kwamba ndiyo dalili ya marehemu kutulia.

Mishi aliwekwa kwenye kiti cha mbele, karibu na meza, kama mama wa maua yote. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri. Dua ikaisha, chai ikaja, vitumbua vikaja, na maneno yakabaki kooni. Kila alipotaka kusimama, mtu alimsifu. Bi Chausiku alisema kama si Mwalimu Mishi, wengi wao wangekuwa wanapanga foleni hospitali na hawajui wanachoumwa. Wakaitikia wote. Mishi alitazama kikombe chake na kujichukia.

Ndipo Bi Mboni, mpole wa kikundi, mjane anayefuma vikapu, alipochukua zamu kutoa ushuhuda. Alisema ana kivimbe kwenye ziwa la kushoto, mwezi wa tano sasa. Mwanawe alimhangaisha mpaka wakaandikiwa siku ya kwenda kupimwa. Asubuhi ya siku hiyo akaliangalia ua lake, akaliona zambarau safi, akavua buibui na kumwambia mwanawe aache kumchimbia kaburi. Wengine walicheka, wakampongeza kwa imani.

Mishi alisimama. Kiti kiliburuzika nyuma yake.

"Bi Mboni, kesho uende," alisema. "Usingoje ua."

Alikuwa amefungua mdomo kuendelea, lakini Bi Mboni hakuwa akimtazama tena. Alikuwa akitazama kikopo chake mezani, kilichokuwa karibu kabisa na Mishi, na uso wake ulikuwa umekufa. Maua yake matano yalikuwa na kingo nyeupe.

Kisha shemeji ya Chausiku alivuta kikopo chake, nacho kilikuwa kinapauka. Na cha jirani yake. Na cha yule wa jirani. Weupe ulitembea mezani kutoka upande wa Mishi kwenda mwisho wa meza, kikopo hadi kikopo, na wanawake walirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka migongo ikagusa ukuta. Mmoja alianza kuomboleza kwamba ana watoto wadogo. Mwingine alijishika tumbo, mwingine kifua. Kila mmoja alipapasa mahali alipokuwa akipashuku kimya kimya kwa muda mrefu. Bi Chausiku, ambaye hakuwahi kukosa maelezo, alikaa chini sakafuni na dera lake jipya, akawa anarudia neno moja, "Sote? Sote?"

Mishi naye aliganda. Maua viziwi yalikuwa yamesema, yote ishirini na mawili, na hilo halikuwezekana. Aliwatazama rafiki zake wakitetemeka, na hapo hapo, katikati ya mshtuko, akili yake ya siku zote ilimnong'oneza: nyamaza. Kabla ya adhuhuri wote watakuwa hospitali. Bi Mboni atapimwa kivimbe chake. Kila mwenye ugonjwa atajulikana, na hakuna atakayeuliza jani lilitoka wapi wala lililala wapi. Ua litakuwa limefanya kazi yake, na yeye atabaki Mwalimu Mishi.

Angenyamaza. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba angenyamaza. Lakini macho yake yaliangukia kikopo cha Saumu, cheupe kati ya vyeupe vingine. Saumu alikuwa ardhini siku ya kumi. Ua lake halikuwa na mtu wa kumsemea humu ndani, na bado lilikuwa linasema. Lilisema vile vile siku ya msiba, baada ya Mishi kukaa chini yake kwa muda wa saa tatu nzima, na likanyamaza alipokwenda zake. Ndipo maneno ya Mshana yalipomrudia, yale aliyoyapita kama tangazo la mlangoni. Yule wake wa kwanza ndiye halimsahau.

Mikono ilimwenda kiunoni, kwenye pini ya sketi. Ngazi za Taasisi, mapumziko mawili. Mwaka mzima sketi zinapwaya. Alikaa akiwaambia watu habari za miili yao, na mwili wake aliliachia ua la marehemu mama yake. Mganga hajigangi, wahenga walisema, naye alifundisha methali hiyo miaka thelathini bila kujua ni yake.

Angewaacha waende hospitali, wangerudi majumbani na kukuta maua yamekuwa zambarau tena, kwa sababu yeye hayupo. Bi Mboni angeliona lake, akasema nimepona, na safari hii hata mwanawe asingeweza kumtoa nyumbani. Wangeyaamini mara mbili ya mwanzo.

"Si nyinyi," Mishi alisema. Ilibidi arudie, kwa kuwa vilio vilikuwa vingi. "Si nyinyi. Ni mimi."

Aliwaambia yote akiwa amesimama, kwa sauti ile ya darasani, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Barua ya uongo kwa Taasisi. Rafu ya juu ya kitanda. Arobaini waliyojivunia, kwamba ndiyo iliyowafungia mlango. Alisema maua haya yanamjua mtu mmoja tu katika dunia, na kwa wengine wote ni mapambo, na kwamba Saumu alitaka kwenda kupima, naye Mishi akamzuia kwa mzaha. Alisema hivyo akimtazama Mwajabu.

Hawakumwamini. Bi Chausiku alisema mwalimu amechanganyikiwa kwa msiba, aletewe maji. Ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba wote wanakufa kuliko kuamini kwamba miaka mitatu walikuwa wakilala na udanganyifu dirishani.

Mwajabu ndiye aliyesogea. Alipita katikati yao, akaenda kwenye swichi za ukutani, akawasha feni ya kutoa hewa chafu, ile inayotumika wakati wa mapishi tu.

"Ukitaka kujua kilichoharibika, unazima kimoja kimoja," alisema. Hakuna aliyejua anaongea na nani. Kisha akamgeukia. "Mwalimu, toka nje."

Mishi alitoka. Hakuchukua mtandio. Mlango ulifungwa nyuma yake, na joto likamkalia kichwani kama mzigo. Barazani palikuwa na kivuli cha kiasi cha mkeka mmoja. Aliketi hapo, mgongo ukutani, akageuza shingo kutazama ndani kupitia kioo cha dirisha.

Alikaa muda mrefu. Jasho lilimwingia machoni. Ndani, wanawake walikuwa wamesimama kuizunguka meza, hakuna aliyekaa, hakuna aliyegusa kikombe. Aliomba, na haikuwa siri kwake alichokuwa akiomba: maua yabaki meupe. Yabaki meupe, iwe Chausiku alisema kweli, iwe ni maziwa, iwe ni msiba, iwe ni kitu chochote kinachowahusu wao. Aliona aibu ya dua hiyo, na bado aliiomba.

Zambarau ilirudi ikianzia mwisho wa meza, karibu na feni. Kikopo cha kwanza, cha pili, cha tano. Bi Mboni aliziba uso kwa upande wa kanga. Mmoja wao aligeuka kumtazama Mishi kupitia kioo, kisha wote wakageuka, nyuso kumi na nane, ishirini, nyuma ya maua yaliyokuwa yakirudi uzima kwa sababu yeye ametoka. Hakuweza kuwatazama. Aliitazama mikono yake, akaiona jinsi ilivyokonda, mishipa juu juu, na akashangaa ni mwezi gani ilikonda hivyo na yeye alikuwa akitazama nini.

Mlango ulifunguliwa. Mwajabu alitoka na kikopo cha mama yake, akakiweka barazani kando ya Mishi.

"Asante, mwalimu," alisema.

Kwa miaka yote ya majani na vikopo hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mishi neno hilo. Lilimchoma alipostahili kuchomwa, naye akalipokea bila kujitetea.

Lakini Mwajabu hakurudi ndani. Aliketi upande wa pili wa kikopo, akamtupia mtandio wake mwenyewe, bado una maji, na akasema ameshaita gari. Linabeba wawili kwa safari, wengine watafuata zamu kwa zamu, wote, hata Bi Chausiku. Safari ya kwanza ni ya Mishi na Bi Mboni. Ya Taasisi, alisema, yatazungumzwa baada ya hospitali. Alisema yote hayo akiitazama barabara.

Jua lilikuwa limeanza kula kivuli. Mishi aliinama kukisogeza kikopo ukutani, kwa kuwa ua la ndani halivumilii jua, na pumzi yake ikayagusa maua. Alibaki ameinama hivyo. Ukingo wa ua la kwanza ulikuwa umeshaanza kupauka.